Nuhu Aliambiwa Ajenge

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina mto, shoka, barabara na mtoto mchanga, na katikati yake kuna swali ambalo watu wazima wamelijadili misikitini, makanisani na vijiweni tangu zamani: je, Mungu anahitaji mikono ya wanadamu ili atende kazi yake duniani?

Mto wenyewe ni Mkondoa. Ukiutazama pale Kilosa wakati wa kiangazi utauona mpole, maji ya kahawia yakitambaa taratibu kati ya mafungu ya mchanga. Usiudharau. Maji yake huanza safari mbali, katika nyanda kame za Dodoma, ambako mto huitwa Kinyasungwe. Hupita Gulwe, Godegode na Kidete, hujipenyeza katika bonde jembamba kati ya milima, kisha hutokea Kilosa, penye tambarare. Kutoka hapo hukutana na mito mingine, huwa Wami, na mwisho huingia Bahari ya Hindi karibu na Saadani.

Bonde hilo ndilo walilolifuata Wajerumani walipojenga reli ya kati. Walianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo reli ikaandamana na mto, kona kwa kona. Mji wa Kilosa nao ukakua papo hapo, reli upande mmoja na mto upande wa pili. Na kwa kuwa mto huo ulikuwa jirani mkorofi kila mvua zilipozidi, tangu enzi za wakoloni ulijengewa tuta refu la udongo ili usiingie mjini.

Tuta la udongo halijengwi mara moja likasahauliwa. Ng'ombe wakipita juu yake kila siku, linachimbika. Mtu akilima ubavuni mwake, udongo unalegea. Panya akichimba shimo, maji yanapata mlango. Na mto nao haukai vilevile. Kila mvua kubwa huleta mchanga kutoka kwenye milima iliyokatwa miti. Mchanga unatuama, na kina cha mto kinapungua. Tuta lililokuwa refu miaka iliyopita linakuwa fupi mbele ya maji, ingawa hakuna aliyelipunguza hata shubiri moja.

Mwishoni mwa Desemba 2009 mvua kubwa zilinyesha milimani. Mkondoa ukafura, ukalipasua tuta, ukaingia majumbani. Kufikia Januari 2010, watu zaidi ya 20,000 wilayani Kilosa walikuwa wameyakimbia makazi yao. Reli ilisombwa katika sehemu kadhaa kati ya Kilosa na Gulwe, na treni za kwenda bara zikasimama kwa miezi.

Sasa fikirini mtoto wa umri wenu amekaa kwenye hema. Nguo alizovaa ndizo alizobaki nazo. Madaftari yake yamekwenda na maji. Anamgeukia bibi yake na kumwuliza: "Bibi, si unasema Mungu anaona yote? Mbona hakuuzuia mto?"

Swali hilo si utovu wa adabu. Mtoto anayeuliza hivyo anamwamini Mungu kiasi cha kumtarajia. Anastahili jibu, si kufokewa. Basi tumjibu, hatua kwa hatua.

Tuanze na jambo ambalo Waislamu na Wakristo wa Kilosa, watu wanaozikana na kualikana harusini tangu enzi za mababu, hawana ugomvi juu yake. Mungu si mhitaji. Waislamu wanamwita Al-Ghaniy, Mkwasi asiyemtegemea yeyote, ilhali kila kiumbe kinamtegemea yeye. Wakristo wanafundishwa kwamba aliumba mbingu na nchi kabla hajakuwapo mtu hata mmoja wa kumshikia kijiti. Na wazee wa kale, waliopanda milimani kutambika wakati mvua zilipochelewa, walikwenda kuomba, hawakwenda kuamrisha. Wote walijua kwamba mwenye mvua ni mwingine.

Wala huhitaji kitabu ili ulione hilo. Nenda Mikumi. Kuna mti mmoja mrefu wa jamii ya minazi na mitende, wenye majani mapana kama feni iliyokunjuliwa, ambao ndio ulioupa mji huo jina lake. Tunda lake ni kubwa na gumu. Tembo hulila, akatembea nalo tumboni, kisha mbegu ikaanguka mbali na mti mama, ikiwa imezungukwa na mbolea yake kabisa. Mvua ikija, inaota. Hakuna bwana shamba aliyemwelekeza tembo wapi pa kupanda. Mwenyezi Mungu ana watumishi wengi, na wengi wao hawana vidole.

Kwa hiyo mtu akisimama mbele yenu na kusema kwamba bila yeye kazi ya Mungu ingekwama, mjue amejikweza. Kazi ya Mungu ilikuwapo kabla babu yake hajazaliwa.

Hapo mtoto wa kwenye hema atasema: "Basi kama hahitaji mtu, sisi tukae tu?" Subiri, mjukuu wangu. Hadithi ndiyo kwanza inaanza.

Kuna kisa ambacho mmekisikia, ama kanisani ama madrasani, kwa maana Biblia inakisimulia na Qur'ani inakisimulia. Ni kisa cha Nuhu. Gharika ilikuwa inakuja. Mungu angeweza kumwokoa Nuhu bila ubao hata mmoja. Angeweza kumwinua juu ya mlima. Angeweza kuyaamuru maji yapite kando ya nyumba yake. Hakufanya hivyo. Alimwambia ajenge. Nuhu akakata miti, akapasua mbao, akaunganisha, akaziba nyufa, huku watu wakipita na kumcheka. Wokovu ulitoka kwa Mungu, lakini ulikuja ukiwa umeshikwa na mikono yenye malengelenge.

Cha pili kimo katika Qur'ani, katika sura inayoitwa kwa jina la Mariamu. Mariamu yuko peke yake, uchungu wa kuzaa umemshika, ameegemea shina la mtende. Anaambiwa alitikise shina hilo, naye ataangushiwa tende mbivu. Mliowahi kuona mtende mnajua kwamba hata mwanamume mwenye nguvu hawezi kulitikisa shina lake likacheza. Mama aliye katika uchungu atauwezaje? Tende zilishuka kwa uwezo wa Mungu, si kwa nguvu za mkono ule mchovu. Lakini mkono uliambiwa utikise, nao ukatikisa.

Cha tatu kimo katika Injili ya Yohana. Watu maelfu wana njaa nyikani. Yupo kijana mmoja mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Jina lake halikuandikwa. Anayeweza kuigeuza mikate mitano kuwa chakula cha maelfu anaweza pia kuanza na sifuri. Hata hivyo Yesu alianza na chakula cha yule kijana. Hebu mfikirieni alipokuwa anarudi nyumbani jioni, ana nini cha kumsimulia mama yake!

Mmeona sasa? Katika visa vyote vitatu Mungu hakukwama. Hakuwa amepungukiwa mbao, nguvu wala mikate. Alichofanya ni kumpa mwanadamu sehemu katika kazi yake. Ni kama mama anayepika uji na kumpa mtoto wake wa miaka mitano mwiko akoroge. Mama angekoroga mwenyewe, na angemaliza mapema zaidi. Anampa mwiko kwa sababu anamtaka akue, na kwa sababu anafurahi kuwa naye pale jikoni.

Jibu langu la kwanza kwenu, basi, ni hili: Mungu hahitaji mikono yetu, ila ametaka kuitumia. Ni sisi tunaohitaji kutumiwa.

Twende sasa msituni, nikuonyesheni jambo hilo likitokea mchana kweupe. Wilaya ya Kilosa ina misitu mikubwa ya miombo, na kwa miaka mingi imekuwa ikikatwa kwa ajili ya mkaa unaopelekwa mijini. Mchoma mkaa alikuwa akiingia popote, anakata chochote, anaondoka. Mlima ukibaki mtupu, mvua inaporomosha udongo mpaka mtoni, na mnakumbuka nilichowaambia kuhusu mchanga na tuta.

Kuanzia mwaka 2012, baadhi ya vijiji vya Kilosa, kwa kushirikiana na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na mtandao wa wanavijiji uitwao MJUMITA, vilianza kuvuna mkaa kwa utaratibu mwingine. Msitu wa kijiji unapimwa. Sehemu kubwa inaachwa bila kuguswa. Sehemu ya mkaa inagawanywa katika vitalu vya mita 50 kwa mita 50. Kitalu kimoja kinavunwa, cha jirani kinaachwa, kama ubao wa drafti. Kilichovunwa hakiguswi tena mpaka miaka 24 ipite. Ushuru wa mkaa unaingia kijijini, na wanakijiji wenyewe wanaamua katika mkutano wajenge darasa, wachimbe kisima au wakarabati zahanati.

Lakini jambo ninalotaka mlitazame kwa karibu ni kisiki. Mvunaji akiikata miti hii, haing'oi. Anaacha kisiki kikiwa hai, mizizi ikiwa ardhini. Inamea tena kutoka hapo. Mvua za kwanza zikinyesha, kwenye ganda la kisiki kilichoonekana kimekufa panajitokeza vitumba vidogo, vinapasuka, na majani yanatoka yakiwa mekundu kabla hayajawa ya kijani. Ukirudi baada ya mwaka unakuta machipukizi mengi yamesimama kuzunguka kisiki kimoja. Kwa sababu mizizi ni mikubwa tayari, yanakua upesi kuliko mche uliopandwa kwa mbegu.

Nani aliyeotesha machipukizi yale? Mvunaji? Hapana. Hajui hata yanavyojua kwamba mvua imefika. Kamati ya maliasili ya kijiji? Nayo hapana. Kazi ya wanadamu ilikuwa hii tu: kutoking'oa kisiki, kutokichoma moto, na kusubiri miaka 24. Uhai umetoka kwa mwenye uhai. Lakini pale ambapo mikono ya watu iling'oa na kuchoma, hakuna msitu. Ndivyo sehemu yetu ilivyo: ni ndogo, na ina uzito.

Kutoka huko, barabara inatupeleka Mikumi mjini. Hapo, kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia, ipo Hospitali ya Mtakatifu Kizito, ya Kanisa Katoliki. Kizito aliyepewa heshima hiyo alikuwa kijana wa Uganda wa miaka ipatayo 14, aliyeuawa kwa ajili ya imani yake huko Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Alikuwa wa umri wenu. Na katika hospitali kama hii, mgonjwa haulizwi anaswali wapi. Mama Mwislamu na mama Mkristo wanalala vitanda vinavyopakana.

Hebu nikuelezeni jambo linalotokea katika wodi za wazazi kila mahali nchini mwetu. Mtoto anazaliwa, na halii. Chumba kizima kinanyamaza. Mkunga hana nafasi ya kusita, kwa sababu dakika ya kwanza ndiyo yenye kuamua. Anamfuta mtoto kwa kitambaa kikavu, kwa haraka lakini kwa upole, na anamsugua mgongo. Mtoto akiwa bado hajavuta pumzi, anamweka kichwa sawa ili njia ya hewa ifunguke, anamfunika mdomo na pua kwa kibarakoa kidogo kilichounganishwa na mfuko wa mpira, na anaubonyeza mfuko huo taratibu, akitazama kama kifua kinainuka. Kifua kinainuka. Mara mtoto anakunja uso, anakohoa, analia. Mama naye analia.

Mwulize mkunga kama yeye ndiye aliyempa mtoto pumzi. Atakuambia pumzi ni ya Mungu. Mwulize kama basi angekaa tu na kusali. Atakushangaa. Mikono yake ilifungua njia. Pumzi ilikuja kutoka kwingine. Na mikono ile haikuwa mitupu: ilikuwa na miaka ya shule, mazoezi kwenye mwanasesere, na mwalimu aliyemkazania arudie tena na tena. Kusoma kwa bidii nako ni ibada, wajukuu zangu. Siku moja pumzi ya mtu itategemea kama ulisikiliza darasani.

Sasa nina jambo zito la kuwaambia, na naomba mlisikilize vizuri. Mikono ambayo Mungu ametupa haifanyi mema tu.

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu inapita katikati yake kwa takriban kilomita 50. Twiga anavuka, tembo anavuka na watoto wake, swala pala wanavuka kundi zima. Kuna mabango yanayomwambia dereva apunguze mwendo, kuna matuta, na kuna bango la faini kwa kila aina ya mnyama atakayegongwa. Bado wanyama wanagongwa. Dereva anayewagonga naye ana mikono miwili, na ameiweka sawasawa kwenye usukani.

Lipo na jambo zito kuliko hilo. Mwezi Desemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, humu humu Kilosa, watu zaidi ya 30 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Waliopigana walikuwa na mikono ileile inayolima na kukamua maziwa. Mtauliza: mbona Mungu hakuizuia isipige? Mimi naona hivi. Mkono ambao hauwezi kukataa wema hauwezi pia kuuchagua. Mungu angetufanya kuwa kama mawe, na jiwe halimwui mtu kwa chuki. Lakini jiwe halimpi mtu maji pia. Ametupa mikono iliyo huru, na uhuru huo unamuuma anapotuona tukiutumia kuumizana. Wema wetu una maana kwake kwa sababu tungeweza kufanya vingine.

Ndiyo maana kuna msemo mmoja ninaowaomba muutumie kwa uangalifu. Msibani watu husema: kazi ya Mungu haina makosa. Ni maneno ya faraja, na mahali pake ni pale ambapo mja amefika mwisho wa uwezo wake. Lakini dereva aliyekimbiza basi akaua abiria asijifiche nyuma ya maneno hayo. Aliyekula fedha za kukarabati daraja asijifiche hapo. Sisi tulioona ufa kwenye tuta tukapita kimya, tusijifiche hapo. Kumsingizia Mungu kazi ya mikono yetu ni dhambi pia.

Mtego wa pili uko upande wa pili wa njia. Ni wa mtu anayetenda mema na kuanza kujiona yeye ndiye mkono wa Mungu. Amempa jirani debe la mahindi, na sasa anataka jirani ainamishe kichwa kila wanapokutana. Huyo amesahau kwamba mahindi aliyaotesha mwingine. Kutoa ni moyo, na moyo wenyewe tumepewa.

Sasa naweza kurudi kwa mtoto wetu na swali lake. Mbona Mungu hakuuzuia mto?

Kwanza nitamwambia hivi: wewe na bibi yako hamkufikwa na mafuriko kwa sababu mlikuwa na dhambi kuliko watu wa Morogoro mjini. Yeyote anayewaambia hivyo amekosea. Maji hufuata mteremko. Hayaulizi nani anasali na nani hasali.

Pili nitamwambia kwamba Mungu hakunyamaza. Maji yalipoingia, palikuwa na watu waliobeba wazee mgongoni na watoto mabegani. Waliokuwa na nyumba kavu waliwapokea wasiokuwa na pa kulala. Shule ziligeuka kuwa malazi. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kilileta mahema. Watu ambao hawakuwahi kufika Kilosa walichanga fedha. Ukikaa ndani ya hema lile na ukauliza Mungu yuko wapi, shika turubai kwa mkono wako. Kuna mtu aliyelishona, mwingine aliyelilipia, mwingine aliyelifunga kamba likasimama. Anayewapa watu huruma ni yeye.

Tatu, Mungu alitupa akili ya kujifunza. Reli ya zamani ilifuata mto, na mto uliivunja mara nyingi. Wahandisi wa reli ya kisasa walipofika Kilosa walitoboa milima wakachimba mahandaki manne. Refu kuliko yote linazidi kilomita moja. Mwezi Julai 2024 abiria walianza kusafiri kwa treni hiyo kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Nuhu alichukua mbao. Hawa walichukua hesabu, zege na nondo. Akili ile iliyopima mwamba haikujiumba yenyewe.

Na nne, nitamwambia ukweli ulio mgumu. Kuna watu ambao hakuna mkono uliowafikia. Tunafanya bidii yetu yote, na wakati mwingine mtoto halii, kamba haifiki, maji yanashinda. Wahenga walisema: jitihada haiondoi kudura. Hawakusema hivyo ili tuache jitihada. Walisema hivyo ili mtu aliyejitahidi hadi mwisho na bado akashindwa asijihukumu maisha yake yote. Pale mikono yetu inapokomea, hatuwaachi wapendwa wetu mahali patupu. Tunawaacha kwa yule ambaye, tulikwisha kukubaliana, hahitaji mikono ya mtu. Ukweli huo ulioonekana mkavu mwanzoni ndio unaotushika wakati wa msiba.

Basi niwape kazi, kwa sababu hadithi bila kazi hupotea. Mkiishi karibu na mto wenye tuta, lifahamuni tuta lenu kama mnavyoufahamu uwanja wa mpira. Mkiona ufa au shimo, mwambieni mwenyekiti wa kitongoji, na asiposikia mwambieni tena. Msilime juu yake, wala msiwaswage mbuzi hapo. Mkiona kisiki kinachipua, msikivunje kwa mchezo. Mkiwa kwenye gari na dereva anakimbia ovyo, mwambieni kwa heshima, "Mjomba, punguza mwendo"; sauti ya mtoto imewahi kumzindua mtu mzima. Na anayependa hesabu asome hesabu, anayependa viumbe asome viumbe, kwa maana Kilosa itahitaji wahandisi wa maji, wakunga na mabwana misitu kwa miaka mingi ijayo.

Na msiache kuomba. Wapo watakaowaambia kwamba mwenye kufanya kazi hana haja ya dua, na wapo watakaowaambia kwamba mwenye dua hana haja ya kazi. Wote wawili wanamgawa mtu vipande viwili. Omba kabla hujaanza, ili ukumbuke kwamba kazi si yako peke yako. Fanya kazi kana kwamba jirani yako anakutegemea, kwa sababu kweli anakutegemea. Ukimaliza, shukuru, kwa sababu ulipewa nafasi katika jambo ambalo Mungu angeweza kulifanya bila wewe, na akapenda ulifanye pamoja naye.